Kichupa Kisichoganda

Nilikabidhi ufunguo wa friza Jumatatu moja asubuhi, nikatia sahihi kwenye daftari la makabidhiano, nikatoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele ulikuwa umepakwa rangi. Vijana mliobaki maabara mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Vyeo na mshahara sitaviandika, maana vya kwangu havikuwa virefu kiasi cha kusimuliwa. Nitaandika kazi yenyewe. Pia nitaandika jambo moja ambalo kwenye sherehe ya kuniaga halikutajwa, kwa kuwa mtu mwenye haki ya kulitaja hakualikwa.

Mimi ni mtu wa Likombe, hapa Mtwara, tangu Likombe ikiwa mikorosho na muhogo mpaka barabarani. Baba alikuwa mkulima, hakusoma kitu zaidi ya Kurani. Sikushikwa mkono na mjomba wala mheshimiwa yeyote. Nilipata stashahada yangu ya maabara Dar es Salaam, nikaondoka nchini nikiwa nimevaa koti la kuazima, na niliporudi baada ya miaka mingi nilirudi na mikono ambayo, nasema bila kuona haya, hakuna daktari wa falsafa kusini mwa Rufiji anayeifikia kwa kusafisha protini. Wenye shahada hununa wakinisikia. Wanune tu. Wao walisoma habari za protini, mimi nimezishika.

Huko ughaibuni, katika chuo kikuu cha nchi yenye baridi isiyo na adabu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo vya kioo. Siku ya kwanza niliosha mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana, nikavipanga mezani kwa majivuno. Akaja mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akainua chupa moja baada ya nyingine akiitazama kwenye mwanga. Zote akazirudisha kwenye karo. Huyo alikuwa Bi. Marta, fundi sanifu mkuu wa maabara ile, mwenye stashahada kama yangu. Maprofesa walikuwa wakibisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake.

Wiki ya tatu aliniruhusu kuandaa mchanganyiko wangu wa kwanza. Nikautia kwenye kichupa, juu yake nikaandika jina langu, nikakiweka kwenye jokofu. Kesho yake akakitoa akaniuliza ndani kuna nini. Nikamtajia vyote kwa ufasaha, chumvi kiasi gani, protini kiasi gani.

"Hivyo viko kichwani mwako," akasema. "Kwenye kichupa sivioni."

Akakitupa kwenye pipa, na kazi yangu ya siku mbili ikaenda nacho. Nilimchukia mwezi mzima. Baadaye nikakaa naye benchi moja hadi alipostaafu, na karibu kila ninachojua nilikipata kwake.

Maabara ile ilichunguza aina ya protini ambazo sisi hapa tulizoea kuziita walezi. Kwa ambaye hajawahi kufanya kazi hii, nieleze kidogo. Protini ni uzi uliokunjwa, na unafanya kazi yake ukiwa umekunjwa sawasawa. Joto likizidi, mkunjo unalegea, sehemu zinazonata zilizokuwa zimefichwa ndani zinatoka nje, nyuzi zinashikana ovyo na kuwa bonge. Ute wa yai ukichemshwa unakuwa mweupe kwa sababu hiyo, na hakuna mtu aliyewahi kuurudisha ukawa ute tena. Ndani ya kila kiumbe zimo protini ambazo kazi yao ni kuzidaka nyingine zinapoanza kulegea, kabla hazijawa bonge. Hizo ndizo walezi.

Bi. Marta alinifundisha umbo la mlezi mdogo kwa kutumia vidole vyake. Mlezi huyo ni vipande vingi, mara nyingi ishirini na vinne, vilivyoshikana kama mpira. Upande unaonata, ule wa kushikia, umefichwa kwenye maungio. Kila kipande kina mkia, na mkia ndio unaosaidia kuviunganisha vipande na kuvizuia visizame. Joto likipanda, maungio yanaachia kidogo, vipande vinatengana, upande wa kushikia unakuwa wazi. Mlezi hushika akiwa katika hali hiyo. Ukimkata mkia, anazama pamoja na anayemshika. Ukimfunga maungio yake asitengane kabisa, utapata protini imara sana, unaweza kuipandisha joto mpaka uchoke nayo haiharibiki, lakini haishiki kitu. Nakumbuka Bi. Marta alikunja ngumi yake mbele ya uso wangu akasema, tazama jinsi ilivyo na nguvu, sasa nipe kalamu niishike. Kalamu ikaanguka sakafuni.

Nilirudi Mtwara nikajenga Shangani, nyumba yangu mwenyewe, tofali kwa tofali. Jioni watu wanaotembea kando ya bahari husimama kuitazama, nami hukaa barazani nikijifanya sioni. Kazi nikapata katika maabara hii yetu, ambayo siku niliyoingia ilikuwa vyumba viwili, mashine moja ya kuzungusha vichupa iliyolia kama mbuzi, na friza moja. Wenye shahada walikuwa wanne. Aliyejua kuunga bomba la mashine ya kuchujia alikuwa mmoja, naye ni mimi.

Shida yetu kubwa ilikuwa umeme. Mnajua wenyewe. Gesi inachimbwa hapo Mnazi Bay, nasi tunahesabu saa friza imezima. Protini iliyoganda ikayeyuka ikaganda tena mara tatu, tupa. Mwaka wangu wa kwanza niliwaona wenzangu wakimwaga kazi ya msimu mzima, wamesimama karoni kama watu waliofiwa.

Mimi zangu hazikufa. Watu wakaja kuniuliza siri ni nini, na jibu langu likawa moja miaka yote: "Mkono." Wakacheka, wakaamini nusu. Ukweli ni kwamba nilikuwa natia glisarini, nusu protini, nusu glisarini. Ni ile ile inayouzwa dukani kwa kupaka miguu yenye magaga, isipokuwa ya maabara ni safi zaidi. Protini iliyomo ndani yake haigandi kwenye friza yetu, inabaki majimaji mazito, na umeme ukikatika haistuki. Hakuna uchawi hapo. Bi. Marta alitumia glisarini kila siku, na kila siku aliiandika kwenye lebo. Mimi sikuiandika. Ufunguo wa friza ulikuwa mfukoni mwangu, vichupa nilivitoa mwenyewe nikawakabidhi watu vikiwa vimezama kwenye barafu, kwa hiyo hakuna aliyepata kujua. Kwenye lebo niliandika jina langu na herufi ya protini. Kama ningeandika glisarini, mkono ungekuwa si mkono tena.

Niliishi hivyo miaka, na haikumdhuru mtu. Kisha akaja Sauda.

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, binti wa Mikindani, mama yake anauza chaza. Aliingia asubuhi akiwa na mkoba na chupa ya chai.

"Shikamoo, Mzee Issa. Nimeambiwa nisiguse friza."

"Marahaba. Umeambiwa vizuri."

"Na kikombe chako cha bluu?"

"Hicho ndicho usikiguse kabisa."

Baada ya mwezi alikuwa ananiita Nkulungwa wa Friza mbele za watu, nami nikajifanya kukasirika. Kwa sisi Wamakonde nkulungwa ni mkubwa wa kuheshimiwa, na yeye alilitamka kama mtu anayemvua mkubwa kofia na kumvika ndoo. Nilimfundisha yote. Nilimrudishia vyombo vyake vya kioo karoni mara tatu siku ya kwanza, na hakununa. Mara ya nne vilikuwa safi kuliko vyangu.

Swali lake lilitoka jikoni kwao. Chaza wa mikoko kwenye mlango wa Ruvuma hukaa wamening'inia kwenye mizizi. Maji yakitoka, jua linawachoma saa nyingi, maji yakirudi wanafungua midomo kama hakuna kilichotokea. Sauda alikuwa akiwaokota na mama yake tangu mdogo, na siku zote alijiuliza kwa nini hawaivi. Alimtafuta mlezi wao, akaagiza jeni yake, yaani maelekezo ya kumtengeneza, tukayaingiza kwenye bakteria watutengenezee protini hiyo kwa wingi. Tukatengeneza aina tatu: mlezi kamili, mlezi aliyekatwa mkia, na mlezi aliyefungwa maungio, ambaye tulimpa jina la Mwenye Pingu. Sauda alitaka kuonyesha jinsi umbo linavyoamua nani atashika na nani hatashika. Nilizisafisha zote tatu mimi, na nadhani sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Jaribio ni rahisi kulieleza. Unachukua kimeng'enya dhaifu, nacho ni protini, unakipasha joto. Kikiwa peke yake, maji yanakuwa meupe kama tui ndani ya dakika chache. Ukimtia mlezi, kama anashika, maji yanabaki angavu. Chombo cha kulinganishia kilikuwa na kimeng'enya na maji ya chumvi peke yake, na maji hayo Sauda aliyachanganya mwenyewe, hayakutoka kwenye friza yangu. Kumbukeni hilo. Tena mavuno yetu ya protini yalikuwa hafifu, kwa hiyo alilazimika kutia kiasi kikubwa kutoka kila kichupa.

Chombo cha kulinganishia kikawa tui. Vingine vitatu vikabaki angavu. Vyote vitatu.

"Mzee," aliniita, "Mwenye Pingu naye ameshika."

Bi. Marta angeweka kalamu chini hapo hapo. Mlezi asiyeweza kufunguka hashiki, hilo alinifundisha kwa ngumi yake. Glisarini ilinipitia kichwani, najua kwamba hata yenyewe huzuia kimeng'enya kisiwe bonge. Nikajiambia iliyofika humo ni kidogo mno. Nikamwambia Sauda kwamba nikisafisha mimi, hata mwenye pingu anafanya kazi. Akacheka. Akarudia jaribio mara tano kwa vichupa vile vile, likatoka vile vile mara tano. Akaandika kwamba chaza wa Ruvuma wana mlezi wa namna ya pekee, ambaye umbo lake likiharibiwa bado anashika. Kwa kazi hiyo akapata nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa nje, katika chuo ambacho nisingekitaja hata kama ningeruhusiwa. Mama yake alileta maabara ndoo nzima ya chaza, tukala wote, na Dk. Mbwana, mkuu wetu, akatoa hotuba fupi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Chuo kile hakikukurupuka. Kabla Sauda hajafika kwao, walitengeneza protini zile upya kwa maelekezo yale yale, wakarudia jaribio. Kamili akashika. Aliyekatwa mkia akazama na kimeng'enya chake, chombo kikawa tui. Mwenye Pingu alibaki imara kama jiwe pembeni, na kimeng'enya kikaharibika mbele yake bila kuguswa. Wakaandika barua ya upole wakiuliza ndani ya vichupa vyetu kulikuwa na nini hasa. Nafasi ya Sauda wangeishikilia wiki tatu, hadi Ijumaa ya tatu saa kumi jioni, wapate maelezo.

Dk. Mbwana akaita kikao baada ya swala ya adhuhuri. Tulikaa sita kwenye chumba cha darubini: yeye, Sauda, wawili kati ya wale wanne wenye shahada, karani, na mimi kwenye kiti changu karibu na mlango. Alisoma barua yote. Sauda aliuliza kama anaweza kuniuliza swali moja. Alikuwa amefunga mikono yake juu ya daftari.

"Mzee Issa," akasema, "kwenye vichupa vya friza, kuna kitu chochote kiliongezwa mbali na protini na maji ya chumvi?"

Mmoja wa wale wenye shahada aligeuka kunitazama. Hakuwa na ubaya usoni, alikuwa anangoja tu. Lakini mimi nilimwona kama mtu aliyengoja miaka yote hiyo kusikia kwamba mkono wa Issa ni chupa ya kupaka magaga. Ilibaki miezi minne nistaafu.

"Hakuna," nikasema. "Mimi siongezi kitu. Mimi ni fundi."

 Sauda akafungua daftari, akaandika jibu langu kwa herufi zake ndogo, akafunga.

"Ahsante, Mzee," akasema.

Baada ya hapo yalibaki maelezo mawili tu: ama binti hakujua kupima, ama matokeo aliyapika. Hakuna aliyetamka la pili. Walisema matokeo hayakupatikana tena yaliporudiwa, na katika kazi yetu neno hilo linatosha. Wiki tatu zile alikuja kazini kila siku, akasafisha benchi, akaniamkia, akanywa chai yake. Ijumaa ya tatu alikaa hadi jioni mezani kwake bila kufanya kitu. Nilimwona nilipokuwa nafunga friza. Nikamwambia Jumatatu mapema basi, akaitikia. Jumatatu hakuja.

Mimi niliagwa kwa heshima zote. Nilipewa saa ya ukutani, shuka la kitenge na cheti chenye fremu. Dk. Mbwana alisema kwamba katika miaka yangu yote hakuna protini iliyowahi kuharibika mikononi mwangu. Watu walipiga makofi. Saa ile nimeitundika sebuleni Shangani, nayo inakwenda vizuri, kwa bahati mbaya, maana kila nikikaa naisikia.

Siku ya nne baada ya kukabidhi ufunguo nilikwenda Mikindani. Nilimkuta Bi. Zuhura, mama yake, amekaa kizingitini anafungua chaza kwa kisu kifupi, akiweka nyama kwenye bakuli na magamba kwenye ndoo. Sauda alikuwa nyuma yake mkekani, anasahihisha madaftari. Siku hizi anafundisha kwa muda baiolojia sekondari. Aliniamkia, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. 

"Ilikuwa glisarini," nikasema. "Nusu kwa nusu. Vichupa vyote."

Hakuinua uso. Alimaliza ukurasa aliokuwa anasahihisha, akaweka alama, akafunika kalamu.

"Najua, Mzee."

Nikauliza amejua lini. Akasema siku ya kikao, kabla hatujakaa. Nilipokwenda kutawadha niliacha koti kwenye kiti, na ufunguo mfukoni. Akafungua friza, akatoa kichupa cha mlezi aliyekatwa mkia, akakiinamisha.

"Kikatiririka kama mafuta ya kula," akasema. "Friza ile iko digrii ishirini chini ya sifuri. Maji ya chumvi yangekuwa jiwe."

"Kwa hiyo uliponiuliza ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Ningesema mimi, wangekuondoa bila kuagwa. Na wengine wangesema nimemsukumia mzee lawama. Nikaona ukiulizwa mwenyewe, utasema mwenyewe." Akachukua daftari jingine juu ya rundo, asilifungue. "Uliposema hakuna, nikajua umestuka kwa sababu ya watu. Nikakungoja uje peke yako. Nikakungoja mpaka ile Ijumaa, saa kumi."

Bi. Zuhura alikuwa ameacha kisu. Mambo ya protini hayajui, wala hakuwahi kuambiwa kisa chote. Alinitazama mimi, akamtazama binti yake.

"Ndiye huyu uliyekuwa unamngoja?"

"Ndiye, mama."

Akarudi kwenye chaza wake. Hakuna aliyenifukuza. Nilipewa hata chai.

Nimemwandikia Dk. Mbwana barua, nakala kwenda chuo kile. Jibu limekuja: wanashukuru kwa ukweli, nafasi ilishapewa mtu mwingine, binti anaweza kuomba upya kama wengine wote. Nimempelekea Sauda nakala. Hajaniambia ataomba au hataomba, na mimi sina tena mdomo wa kumuuliza.

Mliniomba niwaachie kitu cha kuwafaa kazini. Kwenye friza, rafu ya pili kutoka juu, nyuma ya visanduku vya rangi, kuna vichupa vya kwangu vya miaka mingi. Vina jina langu na herufi moja, basi. Watu kadhaa wametumia vya namna hiyo kwa kazi zao, na baadhi yao wamekwisha kuchapisha. Vitoeni vyote. Msivitupe kwanza. Kiinamisheni kimoja kimoja, na kila kitakachotiririka kiandikeni lebo mpya, kwa wino usiofutika: glisarini, nusu kwa nusu, aliongeza Issa, aliulizwa, akasema hakuna.